Matairi ya mwaka mzima kwa gari la spoti hapa Mtwara

Ukiingia dukani kutafuta tairi la mwaka mzima la Altezza au Impreza, unaweza kuuziwa lenye herufi M+S ubavuni, maana yake matope na theluji. Matairi hayo ya misimu yote yalibuniwa kwa nchi ambazo joto hushuka chini ya nyuzi 7, ambapo mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa na kupoteza mshiko. Mtwara hata usiku wa Julai hatukaribii huko. Kwetu tairi la kiangazi la spoti ndilo tairi la mwaka mzima. Ukichukua la misimu yote, unalipia uwezo wa theluji na kupunguza breki kwenye lami yetu ya moto.

Balaa kubwa zaidi ni matairi ya theluji ya mtumba kutoka Japani. Unakuta kashata (mpira wenye mikato unaogusa barabara) nene, bei poa, roho inatulia. Inama uangalie vizuri: kila kijumba cha kashata kimechanjwa michirizi myembamba ya mawimbi, kama ya wembe. Ubavuni pana neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani. Bridgestone Blizzak na Yokohama iceGUARD ni wa jamii hiyo. Ni matairi mazuri sana, kwa Hokkaido, kaskazini mwa Japani kwenye theluji. Mpira wake ni laini ili usikakamae kwenye barafu. Kwenye lami ya saa nane mchana vijumba vinayumba, gari linachelewa kuitika usukani, breki inavuta mbali, na kashata inaisha upesi.

Sasa saizi. Tuseme pameandikwa 215/45R17 91W. Upana ni milimita 215. Kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, kama milimita 97. Rimu ni inchi 17. 91 ni uzito wa juu ambao kila tairi linabeba, kilo 615. W ni mwendo wa juu wa tairi, kilomita 270 kwa saa. Hakuna wa kwenda Masasi kwa mwendo huo, lakini V au W inaonyesha tairi limejengwa kuhimili joto, na joto ndilo linalopasua matairi. Saizi hiyo hiyo ipo pia yenye 87, yaani kilo 545. Chukua 91 yenye alama XL, ambayo imeimarishwa zaidi, kisha uliongeze upepo psi (kipimo cha upepo) 2 au 3 juu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni.

Wengi wanapenda kupanda hadi rimu 18. Mimi nakataa. Kwenye 225/40R18 ubavu unabaki milimita 90 tu, wakati 205/55R16 inakupa karibu 113, na kipenyo chake kinatofautiana na cha 215/45R17 kwa asilimia moja hivi, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Ubavu mfupi ukiingia shimo lenye ukingo mkali wa lami, unabanwa kati ya ukingo na rimu. Nyuzi za ndani zinakatika, nje mpira unaonekana mzima. Kesho yake asubuhi unaona nundu ubavuni, kama nusu ya limau. Nundu haizibwi, wala kupunguza upepo hakusaidii. Hilo tairi limekufa, litoe. Ila kabla ya kushuka hadi 16, jaribu kama rimu inapita juu ya kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki. Impreza STI zenye kalipa za Brembo hazikubali.

Maji ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko yote. Malori ya korosho na makaa ya mawe yanapokokota mzigo kwenda bandarini huacha mabonde mawili kwenye lami, hasa vilimani na karibu na matuta. Mvua zikianza, mabonde hayo ni mifereji, na gari jepesi lenye matairi mapana linaelea juu yake. Kuna kanuni iliyotoka kwenye matairi ya ndege inayokadiria mwendo wa kuelea kutokana na upepo: psi 32 inakupa kama kilomita 94 kwa saa, psi 22 inashuka hadi 78. Kwa hiyo upepo mdogo wakati wa mvua ni hatari. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na usitoe upepo tairi likiwa moto. Tafuta kashata yenye mifereji mipana mitatu au minne inayozunguka tairi zima. Alama za kuisha ziko kwenye kina cha kashata cha milimita 1.6, lakini kwa gari la spoti badilisha kikifika milimita 3, na ufanye hivyo Novemba, kabla mvua hazijaanza. Njiti ya kiberiti na rula vinatosha kupima.

Kwenye maandishi ya utaratibu wa Marekani, TREADWEAR (kudumu kwa kashata) ya 300 hadi 400, TRACTION (mshiko kwenye maji) AA au A na TEMPERATURE (kuhimili joto) A vinatosha. Matairi ya 200, kama Advan Neova AD09, yanang'ang'ania lami kavu lakini yanaisha haraka.

Wenye Subaru kama Impreza, zinazovuta kwa magurudumu yote manne, nunueni manne kwa pamoja. Tofauti ya milimita 1 ya kashata ni milimita 6 za mzunguko. Ikizidi hapo, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi muda wote, inapata moto na kuharibika.

Tarehe ya kutengenezwa ni tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na DOT ubavuni: 3123 ni wiki ya 31 ya 2023. Mara nyingi iko upande mmoja tu, kwa hiyo tairi lililokwisha fungwa lichungulie kwa ndani.

Siku ya kufunga, mwambie fundi asugue ukingo wa rimu kwa brashi ya waya. Chumvi ya bahari hula alumini pale tairi linapokaa, na upepo unavuja taratibu bila pancha kuonekana. Neno OUTSIDE likae nje. Mshale wa ROTATION ufuate mwendo wa mbele. Nati za Toyota nyingi hukazwa kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha uzikaze tena baada ya kilomita 100 hivi, yaani ukitoka Mtwara, ukifika Lindi.