Jamani, Mkataba wa Algeron haukuwa ujinga

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi Area D, nusu ya kichwa imeshanyolewa, kijana wa kiti cha pili akaanza na Star Trek, hadithi ya runinga ya anga za juu, na Mkataba wa Algeron, ambamo Shirikisho la sayari, upande wa mashujaa, liliahidi kutotumia kificho, mtambo wa kufanya meli isionekane: "Shirikisho lilipigwa changa la macho. Unasainije kwamba hutajificha, na adui yako anajificha kila siku?" Ningekuwa na kichwa kamili ningeondoka. Mwaka huu nimeshaisikia mara nne, na safari hii hata kinyozi aliafiki, mashine ikiwa bado inanguruma sikioni mwangu.

Tuanze na rada, maana ndiyo inayonilisha. Watu wanadhani ndege ya kificho haionekani. Inaonekana! Kinachopunguzwa ni mwangwi unaorudi kwenye antena, na umbali wa kuigundua unakwenda kwa kipeuo cha nne. Punguza mwangwi mara 16, umbali unapungua nusu tu. Ukitaka ubaki moja ya kumi, punguza mara 10,000. Na hiyo ni kwa masafa fulani, pembe fulani. Tarehe 27 Machi 1999 ndege ya kificho ya Marekani, F-117, ilitunguliwa Serbia, na rada iliyoinasa mwanzoni ilikuwa ya zamani, ya Kisovieti, yenye mawimbi ya karibu mita mbili. Umbo lile lilichongwa kwa ajili ya mawimbi ya sentimita.

Na msidhani sisi wa upande wa kuona tuna uhakika sana. Jioni moja kioo changu cha rada kilijaa kitu kama wingu la mvua, kiangazi kikavu, mbingu nyeupe. Nikasimama nikaenda dirishani. Walikuwa ndege wale waharibifu wa nafaka, kweleakwelea, wanarudi kulala. Miaka 14 kazini, na bado kuna alama nikiiona siwezi kuiapia.

Huko anga za juu mwenye kujificha ana shida kubwa zaidi. Nyuma yake pana baridi ya kelvini 2.7. Chombo cheusi chenye ngozi ya nyuzi 20 za Selsiasi kinatoa joto la takriban wati 420 kwa kila mita ya mraba. Ni jiko la mkaa lililowashwa usiku katikati ya mbuga. Ukilifungia joto ndani, unajipika mwenyewe. Kwenye Star Trek hilo tunalisamehe.

Ambalo silisamehe ni la mkataba. Kwa waliosahau: ni mwaka 2311 wa hadithi, Shirikisho linakubaliana na mahasimu wake, Waromulan, kwamba halitatengeneza kificho. Kwenye kipindi cha Pegasus, kilichorushwa 1994, Admirali Pressman wa Shirikisho anabishana kama yule kijana kabisa, kwamba mkataba ule ni kosa. Ameshaunda kificho cha siri kinachopitisha meli ndani ya mwamba, na meli ya Pegasus imekutwa imekwama humo humo mwambani. Picard, nahodha wa mashujaa wetu, anamjibu kwamba mkataba umeleta amani ya miaka 60. Watu wanaishia kumsikiliza Pressman.

Kinachonunuliwa na mkataba wa aina hii ni kuhesabika. Mwaka 1972 Marekani na Wasovieti, kwenye mkataba wa kudhibiti makombora ya kujihami, waliahidiana kutoficha mambo makusudi ili upande wa pili ushindwe kukagua kwa setilaiti zake. Baadaye Marekani ilipotakiwa kupunguza ndege za mabomu za B-52, ilizikatakata na kuacha vipande wazi jangwani Arizona, vipigwe picha kutoka juu. Mtu anaacha mzoga wa silaha yake juani ili hasimu auhesabu!

Mjomba wangu wa Bahi angemwelewa Picard haraka. Waligombana na mwenye shamba la mpunga mpaka wazee wakaingia kati: ng'ombe wavae kengele, na marufuku kulisha usiku. Mjomba alinung'unika miezi. Nikamuuliza, "Mjomba, hasa umepoteza nini?" Akacheka, hakujibu. Alichopoteza ni majani ya wizi. Alichopata ni kwamba ng'ombe akikutwa mpungani usiku bila kengele, hakuna tena anayeanza na jina la mjomba.

Sasa nikiri. Mfano wa mjomba unachechemea, kwa sababu Waromulan walibaki na kificho chao. Kengele ilivalishwa ng'ombe wa upande mmoja. Mimi najieleza hivi: Shirikisho ndilo kubwa, lina sayari zaidi ya 150, na mkubwa akianza kunyata ndipo jirani hulala na mkuki. Lakini hiyo ni tafsiri yangu, na siku nyingine nikiamka nayo naiona imekaa upande.

Kijana naye hakuwa mjinga. Akaleta Defiant, meli ya kivita ya Shirikisho chini ya Sisko. Waromulan hao hao waliiazima meli ile kificho, pamoja na ofisa wao wa kukisimamia, kwa sharti kitumike Gamma Quadrant tu, robo ya mbali ya galaksi, na wao wapewe taarifa zote za kijasusi kuhusu Dominion, dola adui ya huko. "Halafu Sisko akakiwasha huku huku nyumbani," akasema. "Mzee, kengele ilikuwa wapi hapo?"

Kinyozi akazima mashine asikie jibu. Nikamwambia amalizie upande wa kushoto.