Gari la 1970 lililozaliwa 2023

Picha ya Lotus Type 66, gari la mashindano la kampuni ya Lotus ya Uingereza, ilipofika kijiweni kwetu Mikindani, simu ilipita mikono sita kabla kahawa haijapoa, na kila mkono ukaongeza uongo wake.

Uongo wa kwanza: ni gari la zamani lililopigwa rangi upya. Si kweli, kwa sababu hilo la zamani halikuwahi kuwepo. Kilichokuwepo ni michoro ya Geoff Ferris, ambaye Colin Chapman, mwenye Lotus, alimpa kazi ya kubuni gari la mashindano ya Can-Am huko Marekani na Kanada. Can-Am ilikuwa na kanuni chache mno, na injini zake zilikuwa dubwana. Chapman akazama kwenye Formula One, michoro ikalala zaidi ya miaka 50. Mzee mmoja pale kijiweni, aliyekulia kwa mafundi majahazi, alicheka hadi akapaliwa: fundi wetu hana mchoro lakini jahazi lipo majini, hawa mchoro wanao, jahazi hawana!

Basi limejengwa vilevile kama lingejengwa enzi zile? Hapo kuna nusu ya ukweli. Umbo linafuata michoro, na injini ni V8, yaani ya silinda nane, ya mtindo wa kale yenye nguvu za farasi zaidi ya 830. Lakini bodi ni ya nyuzi za kaboni, breki zina ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, na usukani unasaidiwa na umeme. Likifika kilomita 240 kwa saa, upepo hulikandamiza chini kwa zaidi ya kilo 800. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko farasi wote hao, maana magari ya Can-Am ya wakati ule yaliweza kuinua pua na kupinduka kinyumenyume.

Wengine wanasema yametengenezwa 10 tu kwa kukosa wateja. Idadi hiyo ni kumbukumbu ya mashindano 10 ambayo lingeshiriki msimu wa 1970. Ni kweli bei inatisha: zaidi ya pauni milioni 1 kwa moja.

Na yule aliyeapa kwamba tajiri wa korosho atalinunua alikimbize Mtwara hadi Lindi, ajue kuwa ni gari la uwanjani, haliruhusiwi barabarani. Hata likiruhusiwa, tuta la kwanza tu litalibakiza limeketi kwa tumbo.

"Basi lije juu ya lori," akasema kijana wa bodaboda.