Mtoto asiyecheka si lazima ana huzuni

Jana tena. Mteja kasimama mbele ya picha ya mwanawe wa miaka miwili, hapa Mji Mkongwe, akaniuliza: "Fundi, mbona mwanangu umemtia huzuni?" Kisa, hacheki.

Mtoto hashiki tabasamu hata dakika mbili. Mashavu hukakamaa na macho yanapoa. Mimi nachora uso uliotulia. Na hali ya uso haikai mdomoni peke yake. Tazama ukope wa juu: ukifunika kidogo duara jeusi la jicho, mtoto ametulia, weupe ukionekana juu ya duara, ameshituka. Kiza cha nyuma nacho kipo ili uso utokeze, basi.

Kinachonikera khasa ni wanaozipigia ramli alama. Ndege ni roho, paka ni shetani, kiza ni mauti. Mfano wao ni ule ule siku zote: Manuel Osorio, mtoto wa nguo nyekundu aliyechorwa na Goya, Mhispania, baina ya 1787 na 1788. Ameshika kamba iliyofungwa ndege wa jamii ya kunguru, paka wanamkodolea macho ndege yule, na pembeni kuna tundu la vijidege. Mtoto alifariki 1792, ana miaka minane. "Unaona? Mchoraji alijua!" Alijuaje? Alipochora, mtoto yuko hai, anacheza. Ndege walifugwa kwa ajili ya watoto, na huyu ndege wa kamba mdomoni ameshika kadi ya jina la Goya mwenyewe. Msiba wa baadaye tunaurudisha sisi kwenye rangi iliyokwisha kukauka.

Hata hivyo, wale paka wananisumbua. Nimewatazama miaka mingi na siwezi kuapa kwamba hawakuwekwa kwa kutisha.

Sasa mlinganishe na Felipe Próspero, mwana wa mfalme wa Hispania, aliyechorwa na Velázquez mwaka 1659. Naye ana miaka miwili tu, rangi imempauka, na kifuani na kiunoni zinaning'inia hirizi na kengele. Hapa hakuna haja ya ramli. Hirizi zile alivishwa kweli, na watu waliomhofia maradhi na jicho. Alifariki 1661, lakini hofu ilikuwapo siku ile ile ya kuchorwa. Mzanzibari hahitaji kamusi ya alama kuielewa picha hii. Anahitaji kukumbuka alivyolelewa.

Kwa hiyo mteja nilimwonesha doa la wanja baina ya nyusi za mwanawe. Bibi yake ndiye aliyempaka asubuhi ile kabla hajamleta, nami nikalichora kama lilivyo. Mama hakuwa ameliona. Akalitazama kwa muda, kisha akaniomba nilifute, eti limechafua uso.

Pembe za mdomo nitazinyanyua kidogo, akitaka. Wanja siugusi.