Mtendaji mkuu, mchangiaji wa kampeni, mhisani: mtu mmoja anakuwaje yote matatu?

Akifa tajiri mkubwa wa Marekani, tanzia yake mara nyingi humpa sifa tatu kwa mkupuo: mtendaji mkuu wa kampuni fulani, mchangiaji mkubwa wa chama fulani, mhisani. Msomaji huzipita haraka kana kwamba ni jambo moja, yaani mtu mwenye fedha na mkono mwepesi. Kumbe kila sifa ina fedha zake, sheria zake na daftari lake. Ukizichanganya hutajua umlaumu nani wala umshukuru nani.

Tumchukue Bernard Marcus, aliyefariki tarehe 4 Novemba 2024 akiwa na miaka 95, siku moja kabla ya Wamarekani kumchagua rais. Alizaliwa Newark, New Jersey, kwa wazazi Wayahudi waliohamia kutoka Urusi. Baba yake alikuwa seremala. Alisomea ufamasia Chuo Kikuu cha Rutgers, akaishia kwenye biashara ya maduka.

Mtendaji mkuu, kwanza kabisa, ni mwajiriwa. Anawekwa na bodi ya wakurugenzi kwa niaba ya wenye hisa, na bodi hiyohiyo inaweza kumwondoa. Marcus aliyajua haya kwa kuyapitia: mwaka 1978 yeye na mwenzake Arthur Blank walifukuzwa Handy Dan, mtandao wa maduka ya vifaa vya nyumba ambao Marcus mwenyewe ndiye aliyekuwa anauongoza. Mwaka huohuo wakaanzisha Home Depot, na Ken Langone, mtu wa masoko ya mitaji New York, akawatafutia fedha.

Maduka mawili ya kwanza yalifunguliwa Atlanta mwezi Juni 1979. Wazo lao lilikuwa hadiwea yenye ukubwa wa ghala: mbao, rangi, mabomba na misumari chini ya paa moja, bei ya chini, na mhudumu mwenye aproni ya rangi ya chungwa wa kumweleza mteja jinsi ya kubadilisha bomba mwenyewe bila kuita fundi. Tatizo, mtaji haukutosha kulijaza ghala. Wakapanga maboksi matupu na makopo matupu ya rangi kwenye rafu za juu ili mteja akiinua macho aone duka limesheheni. Siku ya ufunguzi watoto wao walisimama na noti za dola moja moja za kuwagawia wateja kama shukrani. Wateja walikuwa wachache mno kuzimaliza noti hizo.

Mwaka 1981 hisa za kampuni zikaanza kuuzwa kwa umma, na hapo ndipo utajiri ulipoanzia. Mshahara haukumfanya Marcus bilionea, hata kama ulikuwa mnono. Kilichomfanya bilionea ni hisa alizobaki nazo huku maduka yakiongezeka. Aliacha utendaji mkuu mwaka 1997 na uenyekiti wa bodi mwaka 2002. Jarida la Forbes lilikuja kumkadiria kuwa na zaidi ya dola bilioni 10. Shikilia tofauti hiyo: fedha za kampuni ni za wenye hisa wote, ila hisa zake ni zake. Mengine yote alifanya kwa hizo za kwake.

Sasa uchangiaji wa kampeni. Tangu mwaka 1907 sheria ya Marekani inakataza kampuni kumpa fedha moja kwa moja mgombea wa nafasi za kitaifa. Mtu binafsi anaruhusiwa, ila kwa kikomo. Katika uchaguzi wa 2016 kikomo kilikuwa dola 2,700 kwa mgombea mmoja katika kura ya mchujo, na dola 2,700 nyingine katika uchaguzi mkuu. Jumla dola 5,400, awe muuza magazeti au bilionea. Marcus katika uchaguzi huo alitoa takriban dola milioni 7 kumuunga mkono Donald Trump. Iliwezekanaje?

Jibu liko mwaka 2010. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Citizens United kwamba serikali haiwezi kuzizuia kampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha zao kwenye propaganda za uchaguzi, mradi wasishirikiane na mgombea. Miezi michache baadaye mahakama ya rufaa ikasema kamati zinazofanya kazi ya namna hiyo tu haziwezi kuwekewa kikomo cha michango. Hivyo zikazaliwa kamati ziitwazo super PAC. Hazimpi mgombea hata senti, na haziruhusiwi kupanga naye mikakati, lakini zinaweza kununua matangazo ya televisheni ya kumsifu au kumponda mpinzani wake mpaka mtazamaji achoke. Kwa mgombea anayesaidiwa, sioni tofauti kubwa kati ya kupewa tangazo na kupewa fedha za kulinunua, ila sheria inaiona.

Mchango wa siasa una mambo mawili yanayoutofautisha na sadaka. Kwanza, haupunguzi kodi: ukitoa milioni 7, ni milioni 7 kamili kutoka mfukoni. Pili, unatangazwa. Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, iliyoundwa na sheria ya mwaka 1974 baada ya Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Nixon, inataka jina, anwani, kazi na mwajiri wa kila anayevusha dola 200, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma.

Mchanganyiko wa sifa hizi ulijitokeza waziwazi mwaka 2019. Marcus alisema hadharani kwamba angemuunga mkono Trump tena mwaka 2020, na mitandaoni ukazuka wito wa kuisusia Home Depot. Kampuni ikajibu kwamba Marcus aliondoka zaidi ya miaka 15 nyuma, hazungumzi kwa niaba yake, na yenyewe haimpigii debe mgombea yeyote wa urais. Kisheria jibu hilo halina kasoro. Lakini waliosusia nao hawakuwa wamepotea njia kabisa, kwa kuwa mwenye hisa hupata gawio kutokana na faida, na faida hutoka kwa anayenunua misumari. Walichokosea ni kudhani kwamba kampuni ndiyo iliyotoa mchango. Susio lao lingewaumiza pia wenye hisa wengine, wakiwemo wanaompinga Trump kwa moyo wote.

Halafu uhisani. Hapa chombo cha kawaida ni wakfu: tajiri anahamishia humo fedha au hisa, na tangu siku hiyo si zake tena, ingawa anaweza kukaa kwenye bodi na kuamua ziende wapi. Faida ya kodi ni kubwa. Hisa iliyopanda thamani mara elfu, ukiiuza unalipa kodi ya ongezeko hilo. Ukiipeleka kwenye wakfu hulipi, na juu yake unapunguziwa kodi ya mapato. Ndiyo maana husemwa kwamba sehemu ya kila sadaka ya bilionea wa Marekani imelipwa na hazina ya taifa, ila jina linalobandikwa ukutani ni la bilionea peke yake. Kwa upande wa pili, wakfu binafsi unalazimika kutoa takriban asilimia 5 ya mali zake kila mwaka na kuweka taarifa zake wazi.

Kupitia Marcus Foundation na mifuko yake binafsi, Marcus alitoa dola milioni 250 kujenga Georgia Aquarium, iliyofunguliwa Atlanta Novemba 2005. Humo waliwekwa papa potwe, samaki yuleyule ambaye watalii humfuata Kisiwa cha Mafia. Wale wa Atlanta waliletwa kwa ndege kutoka Taiwan. Alianzisha kituo cha watoto wenye usonji mjini humo, akatoa dola milioni 25 za kuanzishia shirika la Autism Speaks mwaka 2005. Mwaka 2010 bilionea wenzake Bill Gates na Warren Buffett walipozindua ahadi ya kugawa angalau nusu ya utajiri, Marcus alikuwa miongoni mwa walioikubali. Mohammed Dewji wa Tanzania alijiunga nayo mwaka 2016, mwaka mmoja baada ya kuacha ubunge wa Singida Mjini: yeye siasa aliifanya kwa kugombea mwenyewe. Ahadi hiyo haina nguvu ya sheria. Asiyeitimiza hapelekwi popote.

Tangu mwaka 1954 asasi za hisani zimekatazwa kumpigia kampeni mgombea. Wakfu hauwezi kununua tangazo la Trump wala la mpinzani wake. Lakini unaweza kulipia taasisi ya utafiti inayoandika mwaka mzima kwamba kodi ipunguzwe, au kwamba iongezwe, na hiyo ikahesabiwa hisani. Ukuta kati ya sifa ya pili na ya tatu una mlango, na matajiri wa vyama vyote viwili wanaupita.

Arthur Blank, aliyefukuzwa kazi pamoja na Marcus, alipata utajiri wake kwenye maduka yaleyale, akachangia Chama cha Democrat, wapinzani wa Trump na chama chake cha Republican. Hospitali ya watoto yenye jina lake, aliyoichangia dola milioni 200, ilifunguliwa Atlanta Septemba 2024. Hivyo mtu aliyenunua kopo la rangi Home Depot miaka ya 1990 alikuwa akizijaza akiba za kampeni za pande zote mbili.

Kuna pia njia ya nne ambayo tanzia huwa haiitaji. Sheria ya kodi inatambua vyama vya ustawi wa jamii, ambavyo vinaruhusiwa kujihusisha na siasa mradi isiwe ndiyo kazi yao kuu, na havilazimiki kuwataja hadharani wanaovichangia. Chama cha namna hiyo kikiipa super PAC milioni kadhaa, daftari la Tume litaonyesha jina la chama tu.