Spea kubwa kuingia kwenye bolti haimaanishi mlango unaiweza

Wengi wanaamini ukishaweka matairi makubwa kwenye gari la rafu rodi, spea (tairi la akiba) nayo unaifunga tu palepale mlango wa nyuma, nati zikiingia kazi imeisha. Hapana jamani. Nati kuingia inakwambia matundu ya rimu yanalingana, basi, haikwambii chochote kuhusu bawaba na bati la mlango, na hivyo ndo vinabeba mzigo wote.

Tairi la inchi 33 na rimu yake linaweza kufika kilo 35 au zaidi, na linaning'inia nje kabisa, kwahiyo kila gari likidunda kwenye makorongo ule uzito unavuta bawaba upya mpaka bati linaanza kupasuka pale breketi inayoshika spea ilipofungwa. Fungua mlango, ushike kwa chini uunyanyue: ukicheza, au siku hizi haufungi bila kuubamiza, bawaba zishalegea, usisubiri. Weka breketi ya kuimarisha inayoshika mpaka kwenye bawaba, na raba zinazoegemea tairi zilibane kabisa.

Tairi zito zaidi ya hapo lihamishie kwenye mkono wa kubebea spea ulio kwenye bampa ya chuma iliyofungwa kwenye chesisi, mlango usibebe kitu. Na taa ya breki ya juu isizibwe.