Mvua ya elektroni: maana yake na uhusiano wake na radi

Mvuvi wa dagaa aliye Ziwa Tanganyika usiku, katika msimu wa mvua wa Novemba hadi Aprili, huiona mbingu ya upande wa Kongo ikimetameta kabla hajasikia ngurumo yoyote. Mwanga huo ni sehemu tu ya kinachotoka kwenye radi. Kila mpigo hutoa pia mawimbi ya redio, na baadhi yake hupenya tabaka za juu za angahewa, kisha huifuata mistari ya sumaku ya Dunia, yaani njia zisizoonekana za nguvu ya sumaku yake, hadi maelfu ya kilomita.

Huko juu ndiko iliko mikanda ya Van Allen, iliyogunduliwa mwaka 1958 kwa vipimo vya setilaiti ya Marekani, Explorer 1. Ni maeneo mawili yenye umbo la pete nene, ambamo elektroni na protoni zenye kasi kubwa zimenaswa na sumaku, zikienda na kurudi kati ya kaskazini na kusini. Mawimbi ya radi yakizikuta elektroni hizo huzibadilisha mwelekeo, hivyo baadhi yake, badala ya kugeuka pale zilipozoea kugeukia, hushuka mno na kugonga hewa. Kushuka huko ndiko kunakoitwa mvua ya elektroni. Elektroni inapopunguzwa kasi ghafla na atomi za hewa hutoa eksirei, kwa kanuni ileile ya mashine ya hospitali, ambamo elektroni hugongeshwa kwenye kipande cha metali. Eksirei hizo humezwa na hewa zikiwa bado juu sana. Kinachomuua mtu ziwani ni mkondo wa radi yenyewe.

Mvua hii ya elektroni isichanganywe na mnururisho, yaani miale yenye nishati kubwa, unaozaliwa ndani ya wingu. Mwaka 1925 mwanafizikia C. T. R. Wilson alieleza kwamba nguvu ya umeme ya wingu la radi inaweza kuziongezea elektroni kasi kubwa mno, na mwaka 1994 ikatangazwa kwamba setilaiti ya Marekani iitwayo Compton imenasa milipuko mifupi ya miale ya gama, yenye nishati kubwa kuliko eksirei, ikitoka juu ya mawingu hayo.

Kwa Kigoma, naona jambo hili la pili ndilo lililo karibu nasi zaidi. Bonde la Kongo ni miongoni mwa maeneo ambako miale hiyo hunaswa mara nyingi, ilhali mistari ya sumaku inayoanzia karibu na ikweta haipandi juu kama ile ya Marekani, ambako radi huifikia mikanda kwa urahisi zaidi.