Hazadi haimaanishi "naenda moja kwa moja"

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, dada wa Malaba, alikaribia mzunguko wa hapa Mbale, Uganda, vizuri kabisa: gia ya pili, mguu umeegemea breki, macho kulia. Nikaanza kufurahi. Mara nikasikia tiki-tiki, mishale yote miwili ya kijani kwenye dashibodi inawaka na kuzima kwa pamoja. Amewasha hazadi, yaani indiketa zote kwa mara moja.

"Hii ya nini?"

"Naenda moja kwa moja, mwalimu."

"Nani alikufundisha?"

"Kaka yangu. Anaendesha trela mpaka Mombasa."

Kila mwezi kuna kaka. Asipokuwa kaka ni shemeji mwenye taksi, au mjomba aliyeendesha lori miaka ishirini bila kugonga hata kuku. Wote wana hesabu moja: indiketa ya kushoto ni kushoto, ya kulia ni kulia, basi zote mbili ni katikati. Ukiisikia haraka inaingia akilini. Ndiyo maana inaniudhi kuliko makosa yote, kwa sababu anayeifanya anadhani amekuwa mwangalifu kuliko wenzake.

Sikubishana naye. Tulirudi kwenye kiwanja cha mazoezi, nikaacha hazadi inawaka, nikamsimamisha nyuma ya taksi mbovu iliyooza pale, mahali ambapo nusu ya kulia ya gari letu haionekani. Nikamuuliza anaona taa ngapi. Moja. Gari linamwambia nini? Akakaa kimya kidogo. "Linakata kushoto."

Basi mweke hapo mwenye bodaboda anayesubiri kutoka barabara ya kushoto, na basi la abiria limeziba nusu ya gari lako. Anaona taa moja ya kushoto, anaamini unaingia kwake, anatoka. Wewe unapita moja kwa moja. Atagongwa ubavuni, na wewe utaapa mbele ya trafiki kwamba uliwasha taa.

Ukweli ni huu. Ukienda moja kwa moja kwenye makutano huwashi chochote. Kutowasha ndiyo ishara yenyewe. Kwenye mzunguko, toa njia kwa wanaotoka kulia kwako, ingia bila indiketa, na ukishapita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako, washa kushoto utoke. Anayekwenda kulia anawasha kulia tangu hajaingia, anakaa upande wa ndani, kisha naye anabadilisha kuwa kushoto anapotaka kutoka. Na tafadhali, ukubwa wa gari haumpi mtu haki ya kuingia kwanza, hata kama lina magurudumu kumi na nane.

Hazadi imewekwa kwa ajili ya gari lililoharibika au lililosimama mahali pabaya. Inasema "mimi ni kizuizi". Wengine huiwasha mvua ikinyesha, hasa ndani ya msitu wa Mabira ambako mvua ikishuka huoni hata boneti yako. Katika magari mengi, hazadi ikiwa imewashwa indiketa haionekani tena. Kwa hiyo unakata kona kwenye mvua, taa zako zinasema kile kile zilichokuwa zikisema kilomita tatu nyuma. Washa taa za mbele kwa mwanga wa chini, punguza mwendo, ongeza nafasi. Misafara ya harusi nayo siitetei. Bwana harusi hajaharibika.

Ndugu yake hazadi ni lugha ya malori. Barabara ya kutoka Tororo kwenda Jinja utamfuata mwenye lori, atawasha kulia, na abiria wako watakwambia: "Anakukataza, kuna gari linakuja." Akiwasha kushoto: "Pita, amekuruhusu." Mara nyingi kweli ndivyo anavyotaka kusema, nami najua anafanya kwa moyo mzuri. Lakini kulia pia ni "nakata kulia niingie petroli stesheni", na kushoto pia ni "nasimama kushusha mzigo". Utajuaje ni ipi? Hujui. Yeye pia hajui gari lako lina nguvu kiasi gani. Mimi hufundisha hivi: indiketa ya lori ichukulie ilivyoandikwa kwenye kitabu cha sheria, na kupita ni mpaka macho yako mwenyewe yaone barabara tupu. Huoni, hupiti, hata akikupungia mkono dirishani. Taa za mbele zikimulikwa kwako ni hivyo hivyo: mtu amekujulisha kwamba yupo, hajakupa barabara.

Kuhusu alama, wanafunzi wengi wanakariri picha kama watoto wanavyokariri bendera. Anza na umbo. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la buluu linaamuru. Alama ya kusimama ina pembe nane na ya kutoa njia ni pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, ili uzitambue hata kwa mgongo, hata zikiwa na kutu, hata zikiwa zimebandikwa picha ya mgombea. Kusimama maana yake magurudumu yaache kuzunguka kabisa, hata kama hakuna mtu. Wengi wanapunguza tu, wanachungulia, wanateleza.

Kuna mwingine aliniambia kwamba mahali pasipo na alama ya mwendo hakuna kikomo. Alama nyingi zimeng'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu, lakini sheria haikuuzwa nazo. Ndani ya mji ni kilomita 50 kwa saa, kibao kiwepo kisiwepo. Na 50 ni dari. Ukiona soko limemwagika mpaka kwenye lami, au ni mwaka wa imbalu, sherehe za tohara za huku kwetu, na ngoma imejaza barabara, hata 20 ni nyingi.

Kuteremka kwa nyutro, yaani gia imetolewa, ili kuokoa mafuta: hapana. Injini nyingi za siku hizi, ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye akseleta, hukata mafuta zenyewe mteremkoni. Kwenye nyutro zinachoma ili zisizimike. Na unaposhuka kutoka Kapchorwa breki peke yake zitapata moto, zitaanza kunuka, kisha utakanyaga usione kitu. Kanuni yangu ya miaka yote: gia uliyopandia ndiyo uteremkie.

Taa ya njano si "kimbia kabla nyekundu haijawaka". Mkanda si wa dereva peke yake, wa nyuma pia wanarushwa. Matawi ya miti nyuma ya gari bovu hayang'ai usiku, nunua pembetatu zinazoakisi mwanga. Bei yake haifiki ya tairi moja.

Yule dada alirudi juzi. Kwenye mzunguko hakuwasha kitu, akapita njia ya kwanza, akawasha kushoto. Tiki-tiki ikaenda mbio kuliko kawaida. Nilinyamaza makusudi. Tulipotoka akaegesha pembeni, akaniangalia: "Mwalimu, kuna balbu imeungua?" Ilikuwa ya nyuma, kushoto. Tukaenda kununua nyingine kabla ya kuendelea na somo.